Bustani kwa Mkataba: Historia ya Ukandarasi wa Mandhari Nchini Uingereza

Mwenye nyumba mpya anayemwita mkandarasi amtengenezee eneo la nyuma ya nyumba, asawazishe ardhi, achimbe mitaro ya maji ya mvua, apande ukoka na kuotesha miti mpakani, huingia katika utaratibu wa kazi wenye umri mkubwa kuliko anavyodhani. Ramani inayochorwa kabla ya jembe kugusa udongo, bei ya jumla inayokubaliwa na pande mbili, malipo yanayotolewa kwa awamu, nyapara anayebaki kazini wakati bosi yuko kwa mteja mwingine, na ugomvi wa mwisho kuhusu kazi za ziada, yote hayo yalikuwa yamekwisha kujengeka nchini Uingereza katika karne ya 18. Vitabu vingi vya historia ya bustani za nchi hiyo husimulia habari za ladha: jinsi matajiri walivyochoshwa na vichaka vilivyokatwa kwa rula wakapenda malisho yenye mawimbi, ziwa lililojipinda na miti iliyosimama kwa makundi. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini inaacha nje jambo ambalo huenda lina uzito zaidi, nalo ni kwamba katika karne hiyohiyo utengenezaji wa bustani uliacha kuwa kazi ya mtumishi wa nyumbani ukawa shughuli ya mkataba, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyowezesha ladha mpya kuenea nchi nzima ndani ya kizazi kimoja.

Chini ya utaratibu wa zamani, jumba kubwa la mashambani lilikuwa na mtunza bustani mkuu aliyelipwa mshahara wa mwaka na kuishi ndani ya eneo la bwana wake, huku watu wa vijiji vya jirani wakiitwa kwa vibarua, wanaume wakichimba na kubeba udongo, wanawake wakipalilia. Malipo yao yalitoka katika mfuko wa jumba, na hasara yoyote, iwe ya mvua iliyobomoa kingo au ya miche iliyokauka, ilikuwa ya bwana peke yake. Hakukuwa na upande wa pili wa kudaiwa.

Dalili za kwanza za utaratibu mwingine zilionekana mwaka 1681, watunza bustani wanne walipoanzisha kitalu cha miche katika eneo la Brompton, magharibi ya London. Mmoja wao aliitwa George London, na mwaka 1687 alijiunga nao Henry Wise, na baada ya muda wawili hao wakabaki ndio wenye biashara. Kitalu chao kilizidi ekari 100, mahali ambapo leo yamesimama makumbusho ya South Kensington. Waligundua mapema kwamba anayeuza miche elfu kadhaa kwa mteja mmoja anaweza pia kumchorea mahali pa kuipanda, kumletea watu wa kuipanda, na kumtoza kwa yote. Hivyo wakawa wauzaji, wachoraji na wasimamizi kwa pamoja, na kazi zao zikafika majumba makubwa ya Hampton Court, Chatsworth, Longleat na, kuanzia mwaka 1705, Blenheim. Kwa haki, mwanzo wa ukandarasi wa mandhari unapaswa kuhesabiwa kwao, ingawa bustani walizotengeneza, zenye mistari iliyonyooka na vichaka vya maumbo ya hesabu, zilikuja kufukuliwa karibu zote na waliowafuata.

Mtu aliyeifanya kazi hiyo kuwa kubwa kupita kiasi chochote kilichojulikana kabla yake alikuwa Lancelot Brown, aliyezaliwa mwaka 1716 katika kijiji cha Kirkharle, kaskazini kabisa mwa Uingereza, na ambaye dunia inamjua zaidi kwa lakabu ya Capability, kwa kuwa alizoea kuwaambia wenye mashamba kwamba ardhi yao ina uwezo wa kuwa bora. Mwaka 1741 aliajiriwa Stowe, jumba la Lord Cobham, kwa mshahara wa pauni 25 kwa mwaka, akafanya kazi kwenye michoro ya William Kent, mchoraji aliyekuwa amegeukia bustani. Huko alipata mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote. La kwanza ni ujuzi wa kuongoza kundi kubwa la vibarua kwenye kazi ya kuhamisha udongo. La pili ni kwamba Cobham, kwa ukarimu wake, alikuwa akimwazima kwa marafiki zake, na marafiki hao ndio waliokuja kuwa wateja. Cobham alifariki mwaka 1749. Mwaka 1751 Brown alihamia Hammersmith, karibu na vitalu vya miche vya London, akaanza kazi kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1753 akafungua akaunti katika benki ya Drummonds. Tarehe hiyo ya benki haitajwi sana na wapenzi wa bustani, ilhali ndiyo inayoonyesha kwamba mtumishi wa mshahara alikuwa amekwisha kuwa mfanyabiashara ambaye fedha za wateja kadhaa zilipitia mikononi mwake kwa wakati mmoja.

Namna mkataba wake ulivyokuwa huonekana vizuri zaidi katika kazi ya Audley End, jumba lililoko Essex kando ya mto Cam. Mwaka 1762 jumba hilo lilirithiwa na Sir John Griffin Griffin, askari wa cheo cha juu, ambaye kama warithi wengi alikuta nyumba kuukuu, viwanja vilivyopitwa na wakati na hamu kubwa ya kuonyesha kwamba mmiliki mpya ameingia. Alimpa Robert Adam, msanifu majengo aliyekuwa akisifiwa mno wakati huo, kazi ya vyumba vya ndani, na mwezi wa Aprili mwaka 1763 akatia saini makubaliano na Brown kuhusu viwanja. Bei ilikuwa pauni 660 kwa kazi yote, zilipwe kwa awamu, na kazi ikamilike katika muda wa takriban mwaka mmoja. Brown aliahidi kuupanua mto na kuupa umbo jipya mbele ya jumba, kusawazisha ardhi, kupanda nyasi na kutengeneza handaki la kuzuia mifugo. Sir John, kwa upande wake, aliahidi kutoa miti na vichaka, pamoja na farasi wanne wenye nguvu, mikokoteni, hatamu zao, matoroli na mbao za kuyapitishia.

Mgawanyo huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna akili ya biashara nzima. Farasi ndio waliokuwa gharama isiyotabirika, maana walikula kila siku, kazi iwepo au isiwepo, na kwa kuwabakiza upande wa mteja, mkandarasi alijiepusha na hasara ya majira mabaya. Miti nayo ilikuwa ikifa, hasa iliyohamishwa ikiwa mikubwa, na aliyeitoa ndiye aliyelazimika kuitoa tena. Brown alibaki na kitu kimoja alichokijua kuliko mtu yeyote katika nchi yake, yaani makadirio ya siku ambazo kundi la watu wenye majembe lingehitaji ili kuhamisha kilima fulani kukipeleka bondeni. Faida yake ilitoka katika usahihi wa makadirio hayo. Akikadiria vizuri, alipata. Akikosea, pauni 660 zilibaki pauni 660.

Udhaifu wa mkataba wa namna hiyo ulikuwa katika maneno yake. Bei iliandikwa kwa tarakimu, lakini kazi ilielezwa kwa sifa: ardhi ipewe umbo la kiasili, maji yapite kwa namna ya kupendeza, mteremko usiumize jicho. Hakuna mpima ardhi awezaye kuhakiki kwa kamba kama mteremko unaumiza jicho au la, na kwa hiyo kila upande ulibaki na tafsiri yake. Audley End ikawa mfano wa hatari hiyo. Muda uliokubaliwa ulipita kazi haijaisha, Brown akadai fedha zaidi, Sir John akaona ametozwa zaidi ya makubaliano, na barua zilizopita kati yao zilizidi ukali hadi uhusiano ukavunjika na mtu mwingine akapewa kazi ya kumalizia. Si haki kumlaumu mmoja wao peke yake. Askari aliyezoea amri na tarehe alikutana na mkandarasi mwenye kazi nyingi kuliko macho ya kuzisimamia, na karatasi iliyowaunganisha haikusema nani aamue iwapo mto umejipinda inavyotakiwa.

Kitabu cha hesabu cha Brown, kilichohifadhiwa hadi leo katika maktaba ya chama cha kifalme cha kilimo cha bustani jijini London, kina kumbukumbu ya kisa kingine cha aina hiyo. Katika ukurasa unaohusu Ambrose Dickens wa Branches, katika jimbo la Suffolk, imeandikwa kwamba Brown alishindwa kulipwa fedha za kazi ya ziada, kiasi cha pauni 58, akaichana hesabu ile mbele ya mteja wake na kumwambia aliyokuwa nayo moyoni. Pauni 58 zilizidi mara mbili mshahara wake wa mwaka mzima alipokuwa Stowe. Alizisamehe, lakini akahakikisha kwamba kusamehe huko kunabaki kwenye maandishi, na maandishi hayo yameishi kuliko deni lenyewe.

Kazi iliyofanyika shambani ilikuwa nzito kuliko jicho la mgeni wa leo linavyoweza kutambua, kwa kuwa ufundi wake wote ulilenga kuficha kwamba kuna kazi iliyofanyika. Handaki la mifugo, ambalo Waingereza huliita ha-ha, lilichimbwa likiwa na ukuta wa mawe au matofali upande wa nyumba na mteremko wa nyasi upande wa malisho, hivi kwamba mtu aliyesimama dirishani aliona majani yakiendelea bila kukatika hadi walipo ng'ombe, na ng'ombe wasiweze kuvuka. Maziwa yalihitaji maarifa makubwa zaidi. Kwanza lilijengwa tuta la kuzuia kijito, na katikati ya tuta hilo uliwekwa moyo wa udongo wa mfinyanzi uliokandwa pamoja na maji, tabaka juu ya tabaka, ukikanyagwakanyagwa mpaka hewa yote itoke na udongo uwe mzito usiopitisha maji. Tabaka likiachwa likauke na kupasuka kabla ya lingine kuwekwa juu yake, tuta zima litavuja, na hakuna ukarabati ila kufukua upya. Katika Croome, jumba la Lord Coventry ambako Brown alianza kazi mwaka 1751, tatizo lilikuwa kinyume: ardhi yenyewe ilikuwa kinamasi, na kabla ya uzuri wowote kufikiriwa ilibidi mifereji ichimbwe chini ya ardhi ili maji yote yakusanyike mahali pamoja na kuwa ziwa. Mkandarasi wa leo anayemwambia mteja kwamba mitaro ije kwanza na maua yaje mwisho anafuata mpangilio uleule.

Kwa kuwa Brown alikuwa na kazi katika majimbo mengi kwa wakati mmoja, na kazi zinazohusishwa naye zinazidi 170, hakuweza kukaa mahali pamoja. Alifika kwa farasi, akazunguka uwanja, akaacha maagizo, akaondoka. Waliobaki walikuwa wanyapara wake, na bila wao jina la Brown lisingekuwa na maana. Benjamin Read alisimamia Croome na Blenheim; Samuel Lapidge alizijua hesabu zake; John Spyers alipima ardhi na kuchora ramani. Nathaniel Richmond alifanya kazi pamoja na Brown kisha akajitegemea, akawa na kitalu chake Marylebone na wateja wake mwenyewe, na walikuwapo pia wakandarasi wengine wa wakati huo kama William Emes na Richard Woods, ambao wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa. Fedha zilitoka kwa mteja zikaingia Drummonds, zikatoka benki zikaenda kwa nyapara, na nyapara akawalipa wachimbaji.

Hapo ndipo kumbukumbu inapokatika. Chini ya utaratibu wa kale majina ya vibarua yaliandikwa katika daftari za jumba, kwa sababu bwana aliwalipa mwenyewe. Chini ya mkataba wa bei ya jumla, mteja hakuwa na haja ya kujua ni nani aliyeukanyaga udongo wa tuta lake kwenye baridi ya Novemba. Alinunua ziwa, hakununua siku za watu. Hasara hiyo ya kihistoria haijafidiwa, na kila sifa inayotolewa kwa fikra ya Brown peke yake inaiongeza.

Walikuwapo pia watu ambao mkataba haukuwataja kabisa. Bowood, jumba la akina Shelburne huko Wiltshire, lililipa gini 30, yaani sarafu za thamani ya shilingi 21 kila moja, kwa ushauri wa kwanza wa Brown mwaka 1757, na mkataba wa kazi yenyewe ukafuata mwaka 1762. Ziwa lililotokana nao lilifunika kitongoji cha Mannings Hill. Huko Milton Abbas, Dorset, Lord Milton alitaka mji mdogo uliokuwa karibu na jumba lake uondolewe, na Brown akashiriki kuchora kijiji kipya mahali pasipoonekana kutoka madirishani. Mwanasheria mmoja mkazi, William Harrison, alikataa kuuza haki yake, na inasimuliwa kwamba maji ya bwawa yalifunguliwa yakamfikia nyumbani, naye akaenda mahakamani akashinda. Mandhari inayoitwa ya kiasili imesimama juu ya misingi ya nyumba za watu, na mwandishi wa historia ya bustani asiyelisema hilo anaendeleza kazi ya handaki lisiloonekana.

Brown mwenyewe alitajirika. Mwaka 1764 aliteuliwa kuwa mtunza bustani mkuu wa mfalme huko Hampton Court kwa pauni 2,000 kwa mwaka, na mwaka 1767 alinunua shamba la Fenstanton kwa pauni 13,000. Alifariki London tarehe 6 Februari 1783. Miaka 5 baadaye Humphry Repton, mtu wa Norfolk aliyekuwa ameshindwa katika biashara, aliamua kuchukua nafasi yake, na mmoja wa wana wa Brown akamkabidhi ramani za baba yake. Repton alikuwa na kalamu bora kuliko Brown. Kwa kila mteja alitengeneza kitabu chenye jalada jekundu ndani yake mkiwa na picha ya rangi ya mahali palivyo, na juu yake kipande cha karatasi cha kufunua kilichoonyesha patakavyokuwa. Lakini alijiweka kando na ukandarasi: aliuza ushauri na picha, akaacha uchimbaji kwa mwenye ardhi. Matokeo yake ni kwamba alihudumia mahali pengi zaidi kuliko Brown na hakupata utajiri wa aina ile, na mara nyingi kitabu kilibaki kikipendwa maktabani huku uwanja ukibaki kama ulivyokuwa. Faida ya fani hii ilikuwa katika udongo, wala si katika wino.

Hata hivyo ni Repton aliyeisogeza fani karibu na nyumba ya kawaida. Aliishi katika nyumba ndogo huko Hare Street, Essex, iliyotazamana na barabara ya kijiji, na katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1816, akiwa amelemazwa na ajali ya gari la farasi ya mwaka 1811, alichora mandhari ya mbele ya nyumba hiyo mara mbili. Katika picha ya kwanza duka la mchinjaji linaonekana waziwazi, nyama ikining'inia, watu wakipita karibu na dirisha. Katika ya pili, uzio umesogezwa mbele kidogo, waridi limepandishwa, vichaka vimepangwa, na nyama haionekani. Mbinu zilizotumika ni zilezile za majumba makubwa, kuficha mpaka na kuongoza jicho, ila sasa ziko katika kipande cha ardhi ambacho mtu mmoja anaweza kukimwagilia.

Aliyezifanya mbinu hizo kuwa mali ya tabaka la kati alikuwa John Claudius Loudon, Mskoti aliyeanzisha jarida la watunza bustani mwaka 1826, na mwaka 1838 akatoa kitabu kizima kuhusu bustani za vitongoji vya mji, akizipanga katika madaraja 4 kuanzia za matajiri hadi vipande vidogo vya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Miji ilikuwa ikipanuka, wajenzi waliuza nyumba zenye uwanja mtupu nyuma, na mnunuzi, karani au mfanyabiashara, hakuwa na mtunza bustani wa kudumu wala hakujua aanzie wapi. Pengo hilo lilijazwa na wenye vitalu waliokubali kutengeneza bustani kwa bei moja, kama walivyofanya George London na Wise, na watunza bustani wa vibarua waliohama mlango hadi mlango. Mashine ya kukata nyasi, iliyopewa hataza mwaka 1830 baada ya Edwin Budding wa Gloucestershire kuiga mtambo wa kunyoa vinyweleo vya nguo za sufu, ilimpunguzia mwenye nyumba mzigo, kwani kabla ya hapo ukoka ulikatwa kwa fyekeo la mpini mrefu alfajiri na mapema, majani yakiwa bado na umande, na ustadi huo haukuwa wa kila mtu. Jane Loudon, mke wa Loudon, alikwenda mbali zaidi, na mwaka 1840 akawaandikia wanawake kitabu cha kuwafundisha kulima bustani kwa mikono yao wenyewe, jembe la wanawake likiwa miongoni mwa mambo aliyoyaeleza.

Kuna sharti moja ambalo mikataba ya karne ya 18 haikulitatua, na wenye nyumba wanaendelea kulipuuza hadi leo, nalo ni la matunzo baada ya kukabidhiwa. Brown alilipwa tuta liliposhika maji na nyasi zilipoota; miti aliyoipanda ilihitaji miaka 60 au zaidi ili ifikie umbo lililokuwa kichwani mwake, na katika muda huo wote gharama ya kupogoa, kupandikiza na kuzibua mifereji ilibaki kwa mteja na warithi wake. Huko Blenheim, alikofanya kazi kwa takriban miaka 10 kuanzia mwaka 1764 na kujenga tuta juu ya kijito cha Glyme, maji yalipanda hadi yakazamisha vyumba vya chini vya daraja kuu lililokuwa limejengwa na msanifu majengo Vanbrugh, na ziwa likasifiwa kuwa kilele cha kazi yake. Kijito hicho hakikuacha kuleta tope. Katika karne yetu hii wasimamizi wa Blenheim walilazimika kuleta wakandarasi wapya na mitambo mizito ili kulifukua ziwa lililokuwa likijaa, wakilipa kwa fedha za sasa sehemu ya kazi ambayo makubaliano ya mwanzo hayakumpa mtu yeyote.